Ukirudi Kijijini, Saruji Isubiri: Anza na Mpaka

Wengi tunaorudi kijijini Tanzania baada ya miaka ya ughaibuni au mjini hufika na ramani ya nyumba na pesa ya matofali. Fundi ameshapatikana kwa simu. Kinachosahaulika ni shamba lenyewe: linaishia wapi, na nani amekuwa akililima muda wote huo. Kwa maoni yangu saruji isubiri. Kazi ya kwanza ya anayerudi ni kutembea mpaka wake pamoja na majirani, mchana kweupe, kabla hata ya kusafisha kiwanja.

Sheria haimsubiri aliye mbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu ardhi ya kimila ihesabiwe kuwa imetelekezwa ikiwa mwenyewe hakuikalia wala kuitumia kwa miaka isiyopungua 5, ukiondoa kuipumzisha. Halmashauri ya kijiji hutangaza kwanza ili mwenye hoja ajitokeze, lakini tangazo la ubao wa ofisi ya kijiji halimfikii mtu aliye Muscat au Mwanza. Halafu kuna ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi kwa kesi. Kama baba ndiye aliyeishika hadi akafariki, hesabu huanza siku ya kifo chake. Siku uliyorudi wewe haihesabiki.

Aliyekaribishwa alime hawi mwenye shamba hata akikaa miaka mingi kiasi gani. Mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi. Tatizo ni kuthibitisha kwamba alikaribishwa. Mara nyingi hakuna karatasi. Ushahidi uko kwa wazee wachache waliokuwepo siku baba yako alipomwambia mtu, "Lima hapa mpaka watoto warudi." Kila mzee tunayemzika anaondoka na sehemu ya ushahidi huo, ndiyo maana naona kazi hii haifai kuahirishwa hata msimu mmoja.

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Sema umerudi kuishi na uandikwe kwenye daftari la wakazi. Usidhani wanakufahamu: uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 uliingiza viongozi wapya sehemu nyingi, na huenda aliyeko ofisini hajui shamba lenu liko upande gani. Baada ya hapo nenda nyumba kwa nyumba kwa majirani wa mpakani. Maneno yanayofaa ni machache: "Shikamoo mzee. Nimerudi. Naomba siku moja tupite mpakani, unionyeshe wazee walipouweka." Omba kuonyeshwa. Ukianza kwa kupeleka mpimaji na futi kabla ya salamu, jirani ataona umekuja kumnyang'anya, na atatetea hata kipande ambacho angekuachia kwa hiari.

Chagua siku baada ya mavuno, majani yakiwa yamekauka na mabua yameshalishwa mifugo. Mahindi yakiwa bado yamesimama huoni alama, na mkulima anadhani unataka kumvunia. Waite majirani wa pande zote, mwenyekiti wa kitongoji, anayelitunza shamba, na wazee wasiopungua wawili wasio wa ukoo wenu, maana ushahidi wa ndugu hutiliwa shaka kirahisi ugomvi ukizuka. Shangazi na dada zako waje pia, kwa sababu nitakayoeleza. Walete na vijana wa pande zote mbili, kwani ndio watakaoulizwa miaka 30 ijayo.

Alama hutofautiana. Kilimanjaro utakuta masale. Kwingine minyaa, katani, mawe yaliyozikwa nusu, mtaro wa zamani au mti mkubwa mmoja wa pembeni. Makaburi ya familia ni ushahidi mzuri, hivyo yasafishwe kabla ya siku hiyo. Kijito ni mpaka mbaya kwa sababu huhama mafuriko yakija. Tafuta alama ya pili nchi kavu. Kijito chenyewe kikiwa ndani ya shamba, usipange nyumba karibu nacho: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo.

Kinachoharibika mara nyingi ni mpaka ulioliwa kidogo kidogo. Jirani akimega sentimita 30 kila msimu, ambayo ni chini ya nafasi kati ya mistari miwili ya mahindi, baada ya misimu 10 ameingia mita 3. Kwenye upande wenye urefu wa mita 100 hizo ni mita za mraba 300, kiwanja cha nyumba. Pengine hakuwa na nia mbaya. Trekta au jembe la ng'ombe hugeuka pale penye nafasi. Dalili yake ni alama za pembeni kusimama mahali pake huku za katikati zimetoweka. Nyosha kamba kati ya pembe mbili zinazokubaliwa na wote na utaona tumbo la mpaka lilipoingia.

Hatua nazo hudanganya. Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inatimia tu ikiwa kila hatua ina sentimita 91 hivi, kwa kuwa ekari ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wa mita 63.6 kila upande. Mtu mwenye hatua ya sentimita 80 atakuonyesha "ekari" ya mita za mraba 3,136, pungufu kwa karibu asilimia 23. Kwa hiyo tumia futi ndefu ya mita 50, watu wawili waivute isilegee, na kwenye mteremko ishikwe usawa, isilale juu ya ardhi. Simu inasaidia kupata picha ya eneo lote, lakini hukosea kwa mita kadhaa. Usiitumie kuamua ugomvi wa mita moja.

Mkiwa hapo angalieni kilichopandwa. Sehemu nyingi anayeazimwa shamba huruhusiwa mahindi, maharage, mtama na mazao mengine ya msimu, lakini si miti, kwa kuwa kupanda mti hueleweka kama kudai ardhi. Ukikuta mikorosho, mikahawa au miembe ambayo familia yenu haikupanda, usiikate. Uliza nani alipanda, mwaka gani, kwa ruhusa ya nani, na yaandikwe. Mazao ya msimu yaliyopo mwache mwenyewe avune. Aliyekulindia shamba lisichukuliwe anastahili shukrani na muda wa kujipanga, na akibaki kulima sehemu, muandikiane.

Karatasi ya siku hiyo iwe na tarehe, majina na sahihi au dole gumba za wote, mchoro wenye vipimo vya kila upande, na maelezo ya kila pembe. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Hii si hati ya umiliki, ila inarahisisha kuomba hakimiliki ya kimila, ambayo hutolewa na halmashauri ya kijiji na inaweza kuwa bila ukomo wa muda. Muulize mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya ardhi. Bila hivyo ombi lako litakwama. Mke na mume waandikwe wote wawili. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine apate ushauri wa sheria kabla ya kuomba chochote, kwa sababu kwa kawaida ardhi hutolewa kwa raia.

Kama shamba lilikuwa la marehemu, kikao cha ukoo peke yake hakitoshi. Peleka muhtasari wa kikao na cheti cha kifo mahakamani, msimamizi wa mirathi ateuliwe. Hapa ndipo dada na shangazi wanapohusika: sheria ile ile ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Familia nyingi hutia sahihi bila wao, halafu shauri linafufuka nyumba ikiwa tayari imeezekwa.

Pakibaki ubishi, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, angalau 3 wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, husuluhisha bila kuhukumu. Likishindwa ndani ya siku 30 shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kipande chenye ubishi kisilimwe na yeyote hadi ubishi umalizike.

Palipokubaliwa, pandeni alama mvua za kwanza zikinyesha, wewe na jirani kwa pamoja, juu ya mstari wa kamba. Vipande vya minyaa vikaushwe kivulini siku chache jeraha lifunge, vinginevyo huoza. Utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo watoto wasivikate.