Utepe ndani ya pete

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi tulipofunga kihisi changu kwenye laini ya kilovolti 132, karibu na Chalinze. Kazi yake ilikuwa kupima joto la waya. Waya ukipata moto hurefuka, ukalegea na kuisogelea miti iliyo chini yake.

Sikukipa betri. Betri huchoka, na kubadilisha betri huko juu ni laini izimwe, iunganishwe na ardhi kwa usalama (ethi), watu wapande mnara. Nilitengeneza pete ya chuma iliyokatwa nusu mbili, nikaisokotea waya mwembamba wa shaba mamia ya mizunguko. Pete ikiubana waya wa laini, nguvu ya sumaku inayoambatana na umeme wa laini, ikigeukageuka kwa mapigo 50 kila sekunde, inazalisha umeme kidogo ndani ya shaba. Kihisi kinakula hapo hapo kinapofanyia kazi. Niliipenda sana fikra hiyo, na bado naipenda.

Mchana vipimo vilikuja kila dakika tano. Saa sita usiku, watu walipozima taa na mashine, kimya. Alfajiri kikaamka. Usiku wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Nilijua mzigo wa laini, yaani umeme unaopita humo, hushuka usiku, lakini hesabu zangu zilisema umeme uliobaki ungetosha.

Baada ya wiki mbili laini ilizimwa kwa matengenezo mengine, wakanishushia kihisi. Mzee mmoja wa timu ya laini alizifungua zile nusu, akapitisha kidole gumba pale zinapokutana.

“Binti, hiki nini?”

“Utepe, Mzee. Nimezuia kutu.”

Akaubandua kwa ukucha, taratibu. Ulikuwa mwembamba kama karatasi, ukaonyesha jua upande wa pili. Nikaelewa palepale, na nikaumia. Nguvu ya sumaku hupita kwenye chuma kwa urahisi mara maelfu kuliko kwenye plastiki au hewa. Ukaratasi ule ulikuwa kizuizi kikubwa kuliko chuma chote cha pete.

Mzee akapangusa nyuso mbili kwa kitambaa, akazikutanisha, akainua pete usawa wa jua. Tukachungulia wote wawili kwenye maungio. Mwanga haukupita.

“Sasa peleka juu,” akamwambia kijana wake.

Usiku ule nililala na simu kifuani. Saa tisa na robo ikatetemeka: waya, nyuzi 24.