Vyombo vya kwenda Mikumi

Tangu Jumamosi maneno ya wifi hayajanitoka. Tulikuwa Kariakoo kununua vyombo vya safari yetu ya kupiga kambi Mikumi, nami nimeshika kikaango kizito cha chuma, akaniuliza mbele ya muuzaji, "Wifi, vyombo hivi ni vya porini au vya shughuli?" Muuzaji akacheka. Nilijibu tu, "Vya porini, wifi," nikalipa, nikanyamaza hadi Mbagala. Wiki hii binti yangu Neema amepata matokeo yake na baba yake amehamishiwa Tanga, lakini kila nikiosha vyombo nalisikia swali lile, pamoja na kicheko.

Anayebeba mzigo mgongoni ana haki ya kuhesabu kila gramu. Sisi tunakwenda kwa gari, karibu kilomita 300, na uzito wa kikaango kimoja kwenye buti si kitu. Chuma kile huchelewa kupata moto, ila kikishaupata hukaa nao, hivyo chapati huiva sawasawa hata upepo ukiyumbisha moto wa kuni. Vile vyepesi visivyogandisha, alivyovisifia wifi, utando wake wa ndani huanza kuharibika joto likizidi nyuzi 260, na kikaango kitupu kikisahauliwa juu ya makaa hufika huko upesi. Kwenye mafiga sivitaki.

Kwa wali na mchuzi nimechagua sufuria zetu za kawaida za alumini, ambazo kwa kukosa vishikio huingiana zote, na ile ndogo ikabaki na nafasi ya vikombe na chumvi. Nje nitazipaka sabuni ya mche kabla ya kuziteleka, ili masizi yatoke kwa maji kidogo, maana kambini maji ni yale tuliyoyabeba.

Jioni hii moyo umetulia kidogo. Wifi ndiye anayepikia pilau shughuli zote za ukoo wetu, na hajawahi kulala kwenye hema. Vyombo vizito amevizoea huko tu, basi aliuliza kama mpishi. Nimempigia simu nikamwomba twende naye. Amesema atafikiri, kisha akauliza kama nimekumbuka mwiko mrefu.

Sasa kinachonisumbua ni mtungi wa gesi wa kilo 6. Unatakiwa kusimama wima, umefungwa usianguke, mahali penye hewa, na buti yetu ikishafungwa haina hewa. Na wifi akikubali, kiti cha nyuma nacho kimejaa.