Mama alipopata mkanda wa jeshi

Mama aliniita chumbani Jumanne baada ya alasiri, akafunua kanga mgongoni. Kuanzia uti wa mgongo hadi chini ya titi la kushoto malengelenge madogo yalikuwa yamejipanga mstari, yamejaa maji. "Tokea jana pananiwaka kama nimepakwa pilipili," akasema. Jirani alipoona hakusita: huo mkanda wa jeshi. Akaenda kwake, akarudi na chupa ya mafuta ya makonyo.

Kwetu Pemba makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kiwandani Wawi hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Jino likiuma, goti likikaza, hayo ndiyo hukimbiliwa. Na mimi nilivutwa, maana nilishasoma kwamba yujenoli, kiini kikuu cha mafuta hayo, iliwahi kudhoofisha virusi vya malengelenge ya mdomo maabarani. Kirusi cha mkanda ni cha ukoo huo huo: ndicho cha tetekuwanga, mtu akishapona hubaki kimejificha kwenye mishipa ya fahamu miaka mingi.

Kabla ya kumgusa Mama nikajipaka tone moja mkononi, kwa ndani. Dakika chache pakawa pekundu, pakawaka hadi usiku. Ngozi yangu ilikuwa nzima, yake imepasuka. Tena maabarani mafuta na kirusi hukutanishwa kwenye kisahani, ilhali cha Mama kilikuwa ndani ya mishipa ya fahamu, mafuta ya juu yasingekifikia. Nikaifunga chupa.

Kilichonitia hofu ni muda. Dawa ya mkanda hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Alfajiri ya Jumatano tulikuwa kituoni. Daktari akamuuliza kuhusu figo, akamwandikia asaikloviri, miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7.

Mara tano! Mama akataka azifuatishe na swala. Nikamwambia, "Mama, magharibi na isha zimekaribiana mno." Tukapanga saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Nikachora miraba kwenye karatasi, kila kidonge akiweka alama mwenyewe.

Mimea siidharau hata kidogo. Oseltamiviri, dawa ya mafua makali, ilitengenezwa kutokana na asidi ya shikimiki, inayopatikana kwa wingi kwenye kiungo cha China chenye umbo la nyota. Lakini asidi hiyo hupitia hatua nyingi za kikemia. Chai ya kiungo hicho si dawa hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba tangawizi mbichi ilizuia kirusi kimoja cha njia ya hewa kushika seli, kavu haikuweza. Nilipomsimulia, Mama alicheka: "Mwanangu, kavu si ya pilau?" Nikawa namchemshia mbichi, kwa kuwa anaipenda na vidonge vile vilitaka maji mengi.

Siku ya saba malengelenge yalikuwa yamekauka. Maumivu yalimchukua wiki tatu zaidi, usiku hasa. Chupa ya jirani ingali kwetu. Mama anajipaka magotini, amechanganya na mafuta ya nazi.