Inchi 52

"Mama, ile futi kamba ya Bibi unayo bado?"

Ujumbe wa mwanangu uliingia Jumapili nikiwa nachambua mchele. Anataka kumpeleka binti yake Cedar Point, ile bustani ya mabembea kule Sandusky, Ohio, kiangazi hiki, na mpango mzima kanieleza kwa sauti ya dakika moja: tikiti zimo kwenye simu, ramani imo kwenye simu, foleni nazo ataziangalia kwenye simu. Kilichobaki ni kumpima mtoto, maana kila bembea pale lina kimo chake. Na hataki kupima kwa chochote ila futi ya Bibi. "Kama mlivyonipima mimi," kasema.

Kama tulivyompima yeye. Basi mchele nikausogeza pembeni.

Sisi mwaka 2006 tulipanga wiki sita, kwenye daftari. Baba Watoto aliandika matumizi kuanzia mbele, mimi nikaandika chakula kuanzia nyuma, na hesabu zetu zilipokutana katikati tulikuwa tumeshazidisha dola arobaini. Tukafuta soda. Siku tulichagua Jumanne, kwa sababu Jumamosi unaweza kudhani Columbus nzima imehamia Sandusky, na kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo sote wawili hatukuwa na zamu. Ramani nilichapisha maktaba, kurasa nne: barabara ya 23 kwenda kaskazini, kisha ya 4 mpaka ziwani, mwendo wa saa mbili hivi. Chakula cha nyumbani hakikuruhusiwa kuingia, kwa hiyo iliandikwa: saa saba tunatoka getini na mihuri yetu mkononi, tunakula kwenye maegesho, tunarudi. Chapati thelathini. Kuku wawili. Vitumbua, ambavyo Mama alisema vitachacha kwa joto la kwenye gari, na vikachacha kweli.

Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mwanza, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Kama kawaida ya bibi na mjukuu, alimwita mwanangu "mume wangu", na mume mwenyewe alikuwa na miaka tisa na jambo moja tu kichwani: Top Thrill Dragster, bembea la reli la Cedar Point. Alilijua kama watoto wa madrasa wanavyojua juzuu. Mita 128 kwenda juu. Kilomita 193 kwa saa, na mwendo huo unafikiwa kwa sekunde kama nne. Unasukumwa kwenye reli iliyonyooka, unapanda wima, unavuka kilele, unashuka wima, basi, yamekwisha. Alimweleza bibi yake mezani akitumia kijiko.

"Na pengine halifiki kileleni, Bibi. Linarudi kinyumenyume."

"Linarudi?"

"Ndiyo! Hiyo ndiyo bahati! Unapanda mara mbili!"

Mama aliangalia kile kijiko, kisha akaniangalia mimi.

Kimo cha Dragster kilikuwa inchi 52. Usiku wa kuamkia Jumanne Baba Watoto akasema mtoto apimwe, tusije tukaendesha saa mbili kwenda kuaibika. Alikuwa amejiandaa: alishakata vipande vya boksi la nafaka kwa umbo la nyayo. Ikipungua inchi moja, alisema, tunatandika kwenye viatu, nani ataangalia.

Mama hakutaka. "Mtu anapimwa kwa mambo mawili," alisema, "nguo na kaburi."

Baba Watoto alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua msemo ule ulitoka wapi. Mei 1996, wiki ambayo meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria na mamia ya watu ndani yake, cherehani ya Mama pale Kirumba, Mwanza, haikushona nguo ya mtu aliye hai. Alikata sanda. Nilikuwepo, nilikuwa nashika ncha ya pili ya kitambaa. Mwanangu alizaliwa mwaka uliofuata, na nguo zake zote za uchanga Mama alizishona kwa kukisia. Hakumwekea futi.

Lakini mtoto alishasimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, pekupeku, mgongo umenyooka, visigino vimebana ukuta. Ungemnyima vipi? Mama akaenda chumbani akarudi na futi shingoni, ile ya njano, akasema, "Haya, mume wangu. Napima suti ya arusi yetu."

Na akapima suti kweli. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penyewe. Futi ile ilikuwa imekatika ncha. Kile kibati cha mwanzo kiling'oka zamani, na inchi ya kwanza ikaenda nacho, kwa hiyo inaanzia kwenye moja badala ya sifuri. Kila aliyewahi kukaa kwenye baraza ya Mama anajua hilo. Fundi mwingine angenunua mpya. Mama alisema futi mpya hainyooki vizuri mkononi, akawa anapunguza kichwani, kwa sauti, mpaka ikawa kama kiitikio.

Bega. "Kumi na tatu, toa moja."

Mkono. "Kumi na tisa, toa moja."

Kiuno. "Ishirini na nne, toa moja. Mume wangu huli."

Mimi ndiye nilikuwa naandika, nyuma ya daftari, chini ya chapati. Kumi na mbili. Kumi na nane. Ishirini na tatu. Kisha akachuchumaa, akaibana ncha ya futi sakafuni kwa kidole gumba, pembeni ya kisigino, akaniambia nipandishe huku juu. Nikaweka jalada la daftari utosini kwa mtoto, likalala sawa, nikavuta futi mpaka hapo. Alikuwa ameacha kupumua. Shingo yake ilikuwa imevutika kama ya bata. Taa ya jikoni ile ya mrija ilikuwa inalia, na harufu ya iliki ya vitumbua ilikuwa imejaa mpaka kwenye mapazia.

"Ngapi?" Mama akauliza kutoka chini.

"Hamsini na mbili."

Nikangoja.

Mama alinyanyuka taratibu, mkono gotini. Akaanza kuikunja futi, kidole kwa kidole, kama anavyoikunja siku zote, bila haraka. "Hamsini na mbili," alisema.

Mtoto alipiga ukelele ambao jirani wa juu aliujibu kwa kugonga sakafu. Baba Watoto akatupa vile vipande vya boksi kwenye pipa. Mama akaingia chumbani kulala. Na mimi nikasimama na kalamu, nikaandika 52, nikafunga daftari.

Ya siku yenyewe sina mengi. Njia haikutupoteza. Tulipolikaribia ziwa Erie Mama alifungua kioo akasema, "Ng'ambo haionekani. Kama kwetu," kisha akanyamaza mpaka maegesho. Tulifuata daftari: Dragster kwanza, kabla foleni haijawa ndefu. Kijana wa pale alimsogeza mwanangu kwenye kipimo, akachuchumaa, akampima tena, akatikisa kichwa kwa upole wote. Ilibaki nafasi ya kupitisha kidole juu ya nywele.

"Bibi alisema hamsini na mbili," mwanangu akamwambia, kwa Kiswahili.

Baba Watoto alipanda peke yake, kwa kuwa tulishafika, akarudi na miguu ya mtu aliyetoka homa. Bibi na mume wake walikwenda kupanda garimoshi la mvuke linalozunguka mle ndani, mara tatu mfululizo, mtoto amenuna, Mama amekaa dirishani kama mtu anayeitafuta Tabora. Mchana aliacha kununa, akapanda bembea jingine, Millennium Force, na baba yake. Lile linataka inchi 48, na nalo si dogo, mita 94. Nilifumba macho wao walipopanda, kwa hiyo siwezi kuwasimulia.

Njiani kurudi alitoa maelezo yake: kipimo chao kimepinda. Baba yake akakubali kwamba inawezekana. Mama alikuwa amesinzia, au amefumba macho. Maelezo hayo ndiyo anayoyasimulia mpaka leo. Mkewe nilimsikia akiyarudia mwaka jana mbele ya wageni.

Nimeligeuza sana jambo hili kichwani. Kuna siku naona alimhurumia tu, hakutaka kuwa yeye wa kumvunja moyo, akamwachia mgeni kazi hiyo. Halafu nakumbuka vile vipande vya boksi. Angesema hamsini na moja, tungevitandika, na mtoto angepanda. Aliposema hamsini na mbili, viliishia kwenye pipa. Sijui kama aliwaza mbali hivyo, akiwa amechuchumaa, kwa sekunde mbili. Alikuwa fundi, alizoea kuona nguo nzima kabla ya mkasi. Na mimi je? Nilikuwa na sauti, sikuitoa, na ningependa kusema nilimstahi mama yangu. Lakini sidhani ni hilo tu.

Suti ilikuja kwa mkono wa mtu Februari iliyofuata. Ilimkaa. Mama hayupo tangu 2014, na la kile kipimo hatukuwahi kulizungumza, hata kwa simu, hata kwa utani.

Futi nimeipata kwenye kopo la biskuti, chini ya sindano. Bado inaanzia moja. Lile Dragster lenyewe lilisimama 2021, likafanyiwa marekebisho, likarudi 2024 kwa jina la Top Thrill 2. Mjukuu wangu hata hana habari nalo, ana miaka sita na anataka farasi wa kuzunguka.

Nimemjibu mwanangu kwamba ipo, ila amlete mtoto hapa nimpime mwenyewe.

Ameuliza kwani yeye hawezi kusoma futi.

Nimemwambia nachambua mchele.