Makumbusho ya Mumbai kwa Macho ya Mtu wa Dar es Salaam

Wengi wetu hapa Dar es Salaam huenda Mumbai kwa matibabu au biashara, nami ninawasihi wanaosafiri watenge muda kwa ajili ya makumbusho yake. Ninayoyapenda kuliko yote ni ya Dr. Bhau Daji Lad, yaliyofunguliwa mwaka 1872 katika eneo la Byculla, ambako sanamu ndogo za udongo zinaonyesha watu wa mji huo wakiwa katika mavazi na kazi zao, na ambako bustanini amesimama tembo wa jiwe aliyetolewa kisiwani Elephanta, yule yule aliyewafanya Wareno wakiite kisiwa hicho kwa jina lake. Chhatrapati Shivaji Maharaj Vastu Sangrahalaya ni makubwa zaidi, na jengo lake lenye kuba, lililobuniwa na George Wittet, lastahili kutazamwa hata kabla ya kuingia ndani. Jirani yake ipo Jehangir Art Gallery, ambayo tangu mwaka 1952 imewapa wasanii ukumbi wa kuonyesha kazi zao, tena bila kiingilio. Natamani sana wachoraji wetu wa Tingatinga pale Oysterbay wapate ukumbi wa namna hiyo katikati ya jiji.