Sikimbii kwa Saa ya Mwenzangu

Saa kumi na moja alfajiri. Mtoto ameamka kunyonya kabla kengele ya simu haijalia. Ninapomnyonyesha siigusi simu, maana kundi letu la WhatsApp la akina mama wanaokimbia huwa limeshajaa picha za saa za mkononi: kilomita 10, kilomita 15, dakika hizi kwa kilomita. Nawapenda wenzangu wale, ndio walionitia moyo nirudi barabarani. Ila nikiziona namba zao kwanza, nitatoka nje kuzikimbiza hizo, nao usiku wangu wa kuamka kila mara sitauhesabu.

Saa kumi na mbili na nusu. Kumepambazuka. Jirani ananingoja getini. Gizani hatukimbii, wala hatuendi mmoja mmoja. Mama mkwe amebaki na mtoto. Bila yeye hakuna mbio, na hilo halionekani kwenye picha ya mtu yeyote.

Tunaelekea upande wa Uwanja wa Kasarani, mara mbio, mara kutembea. Watoto wa jirani wako sekondari, analala usiku kucha. Wangu ana miezi minane. "Leo shika mwendo wewe," ananiambia, nami nashika mwendo wa maongezi: pumzi ikikata maneno, tunapunguza.

Wifi yangu hukimbia Mombasa na hunitumia muda wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kuliko pwani. Yeye naye anapambana na joto na unyevunyevu. Hata dakika zetu zikilingana, kazi tuliyoifanya si moja.

Saa mbili na nusu. Matatu hadi mjini. Nasinzia.

Saa nne. Nahudumu kwenye duka la dawa. Anaingia mama kijana, mtoto mgongoni.

"Daktari, mna dawa ya kupunguza tumbo?"

"Mtoto ana miezi mingapi, dada?"

"Miwili." Mwenzake wa kazini, anasema, alikimbia nusu marathoni mtoto akiwa na miezi mitatu. Yeye amejaribu mara moja tu akaumia, na sasa anajiona mvivu.

Namvuta pembeni. Je, akikohoa mkojo unatoka? Anahisi uzito sehemu za chini? Anainamisha kichwa, anaitikia. Namweleza kuwa misuli ya sakafu ya nyonga imebeba mimba miezi tisa na bado inajijenga. Mwongozo wa wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza wa mwaka 2019 uliwashauri akina mama waanze kurudi kwenye mbio kati ya miezi 3 na 6 baada ya kujifungua, tena baada ya kupimwa, na dalili kama zake ni sababu ya kusubiri. Namwomba aende kliniki amwone mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sasa atembee tu. Dawa ya kupunguza tumbo simuuzii.

Hili linanichoma. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3, basi siku ya kurudi kazini watu wanadhani na mwili umeripoti.

Saa saba mchana. Githeri na mwenzangu wa kaunta. "Lakini Faith Kipyegon, yule mwanariadha wetu, si alizaa akarudi kuvunja rekodi?" anauliza.

Alirudi, ndiyo. Binti yake alizaliwa Juni 2018. Faith alirudi kushindana katikati ya 2019, takriban mwaka mzima baadaye, akapata dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021. Rekodi yake ya kwanza ya dunia ya mita 1,500, dakika 3:49.11, aliiweka Florence, Italia, mnamo Juni 2, 2023. Hesabu: karibu miaka mitano. Na kukimbia ndiyo kazi yake, ana kocha na wenzake wa mazoezi. Nampenda Faith mno, ndiyo maana nataka hadithi yake isimuliwe na miaka yake yote, isifupishwe ikawa fimbo ya kumchapia mama aliyejifungua juzi.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Jamu ya Thika Road. Sasa ndiyo nafungua simu. Rafiki ameweka muda wake bora kabisa, na roho inaniuma kidogo. Namwandikia hongera, kisha namuuliza wiki yake ilikuwaje. Anajibu kwamba mumewe alichukua likizo, yeye akalala. Uchungu unapungua nikishajua kilicho nyuma ya namba. Wachache ambao hata hilo halisaidii nimewanyamazisha kwenye Strava, programu ya simu ya kurekodi mbio, bila chuki.

Saa tatu usiku. Mtoto amelala. Kwenye daftari naandika nimelala vipi, mwili umesemaje, kama kuna maumivu. Kasi siiandiki mwaka huu.

Ujumbe unaingia kutoka kwa mama mgeni kundini: anaona haya kuweka mbio zake, ni za polepole. Namjibu: "Njoo Jumamosi Msitu wa Karura, lango la Kiambu Road, saa moja asubuhi. Tutafuata mwendo wako."

"Nije na mtoto?"

"Njoo naye. Tutapokezana kumbeba."