Wanaosingiziwa

Mwaka wa tatu nilikesha na madesa ya takwimu nikikariri fomula nisizojua zinamhusu nani. Darasa zima tulikuwa hivyo. Anatomia tuliipenda kwa sababu unaishika kwa mkono. Takwimu ilikuwa herufi za Kigiriki na hofu ya kurudia mtihani. Mwalimu akiandika ubaoni, tunanakili, tunatoka. Inaniuma mpaka leo, maana jambo lenyewe, kujua jibu la kipimo uliamini kiasi gani, si gumu.

Nimelielewa hapa nyumbani Tabora, nikiwa fildi kwenye kituo kimoja cha afya. Aliletwa mtoto wa miaka miwili, anachemka. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mistari miwili, yaani malaria ipo.

"Dokta, niandike ALu?" sista akaniuliza, akimaanisha dawa ya malaria, kalamu iko tayari juu ya kitabu cha MTUHA, rejista ya wagonjwa.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa watoto 23 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu. Chukua watoto 1,000: 230 wanayo, 770 hawana. Tuseme, kwa mfano tu, kipimo kinapatia mara 90 katika 100, kwa wenye malaria na kwa wasio nayo. Kitawakamata 207 kwa haki, na wengine 77 kitawasingizia: kitasema wanayo kumbe hawana. Sasa kipeleke kipimo hichohicho mahali penye wagonjwa 10 tu katika 1,000. Kitakamata 9, kitasingizia 99! Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali uliposimama nacho.

Nikamgeukia mama. "Mara ya mwisho alitibiwa malaria lini?"

"Wiki mbili zimepita, dokta. Dawa alimaliza zote."

Kipimo hiki hutafuta protini ya vimelea, nayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Nikamfunua mtoto kifua, nikaazima saa ya sista, nikahesabu pumzi dakika nzima. 54. Kwa umri wake, 40 tayari ni nyingi. Damu ikapelekwa kwenye hadubini: hakuna kimelea. Ilikuwa nimonia, tukamwanzishia amoksilini.

Usiku ule nikachora upya lile jedwali la darasani la visanduku vinne, wagonjwa na wazima, kipimo kilichosema ndiyo na kilichosema hapana, taratibu, kwa rula. Kwenye kisanduku cha wanaosingiziwa nikaandika: miaka miwili, pumzi 54.